Mkono Usiofika Sikioni

Hodi ilipopigwa, bibi ndiye aliyekuwa karibu na mlango, na kitu cha kwanza alichokiona hakikuwa uso wa mgeni. Aliona mbao. Zilikuwa nyepesi, nyembamba, zimekunjwa na kufungwa kwa mkanda zikawa kama sanduku, na urefu wake ulitosha mtoto. Msichana aliyezibeba begani alikuwa akihema kwa jua. Bibi alirudi nyuma na kushika fremu ya mlango.

“Umekosea nyumba, mwanangu,” alisema. “Hapa hatujafiwa.”

Msichana alizitazama mbao zake, akamtazama bibi, kisha akaelewa. Alizitua chini haraka kama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi.

“Shikamoo, bibi. Nisamehe. Huu si huo unaoufikiria. Ni ubao wa kupimia watoto.”

“Marahaba. Wazima au maiti?”

“Wazima, bibi. Wazima kabisa.”

“Basi karibu. Lakini huo uache hapo hapo nje kwanza, moyo wangu utulie.”

Ndani, nyumba ile ya kupanga ilikuwa na vyumba vilivyotazamana na ua mmoja katikati, na uani kulikuwa na sufuria kubwa la mayai likitokota. Mama wa nyumba, muuza mayai ya kuchemsha, alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko akipuliza makaa. Nyuma yake, kwenye ngazi ya chumba chao, watoto wawili walikuwa katika kazi ya ajabu. Mvulana mrefu mwembamba, aliyeitwa Mlingoti na ua mzima, alikuwa ameegemeza mguu ukutani na kuvuta kwa nguvu zote mkono wa msichana mdogo mwenye kipara kipya kinachong’aa. Huyo waliyemwita Nukta alikuwa amefumba macho na kung’ata midomo.

“Vuta!” alisema Nukta. “Acha uvivu, vuta!”

“Utang’oka!”

“Ung’oke basi, mradi uwe mrefu.”

Mgeni alisimama. “Mnacheza nini?”

“Hatuchezi,” alijibu Nukta bila kufumbua macho. “Tunarefusha mkono wangu.”

Mama aligeuka, akafuta mikono kwenye kanga. Uso wake ulikuwa na ile tabasamu ya watu waliozoea kuulizwa maswali wasiyoyataka. Mgeni alieleza kazi yake: anasoma chuoni habari za miili ya watu, jinsi watoto wanavyokua, nani anarefuka na nani anachelewa, na kwa nini. Anapita mtaa kwa mtaa kupima kimo cha watoto kwa ruhusa ya wazazi. Hakuna sindano. Hakuna malipo pia, aliongeza kwa aibu kidogo, kwa sababu kila nyumba ilikuwa imeuliza.

“Kama hakuna sindano, mpime,” alisema mama. “Tena bora umpime huyo mdogo. Utuambie ana nini.”

“Sina kitu,” alisema Nukta.

“Nyamaza wewe.”

Aliyejibu swali la mkono alikuwa bibi. Shule ya mtaa ule, kama shule nyingi zenye watoto wengi na madawati machache, haikuwa na muda wa kusoma vyeti vya kuzaliwa, na nusu ya watoto hawakuwa navyo. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni siku ya kuandikisha, akamwambia kila mtoto apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa ashike sikio la kushoto. Ukifika sikio, umefika umri. Usipofika, rudi nyumbani ukale ugali, mwakani uje tena. Mlingoti juzi alilishika sikio lake na kulivuta, watu wakacheka. Nukta alinyoosha mkono, akainamisha shingo, akapanda kwa vidole vya miguu kana kwamba hilo lingesaidia, na ncha za kucha zikaishia palepale juu ya sikio.

“Tulimnyoa ili kichwa kipungue,” alisema bibi. “Nywele zile zote za kutosha mto, tukazitupa. Kichwa hakikupungua hata kidogo.”

“Mlingoti kaandikwa, mimi nimerudishwa,” alisema Nukta. “Nimerudishwa na mwaka jana, na mwaka juzi.”

Mama alikohoa. Kikohozi kile kilikuwa na maneno ndani yake, na Nukta aliyaelewa, akainama.

*

Mgeni aliukunjua ubao wake, akauegemeza ukutani, akawasimamisha watoto mmoja mmoja, visigino nyuma, kidevu sawa. Alifanya kazi kwa upole, akiwaambia kila anachofanya kabla hajawagusa. Mlingoti alipimwa akiwa amejaza hewa kifuani. Nukta alipimwa akiwa amesimama wima kuliko askari. Hata hivyo ubao haukumhurumia. Kile kibao cha juu kilishuka, kikashuka, na kaka mtu alikuwa amemzidi kwa kiganja kizima.

“Ni mapacha?” mgeni aliuliza.

“Ndiyo,” alisema mama.

Bibi aligeukia upande wa sufuria, akaanza kuyahesabu mayai ambayo hayakuwa na haja ya kuhesabiwa.

“Haya, mapacha, nionyesheni meno.”

Mlingoti alipanua kinywa. Jino moja la mbele la chini lilikuwa limetoka na jipya likichungulia. Nyuma kabisa gego moja lilikuwa linapasua ufizi. Meno mengine yote yalikuwa madogo, ya utotoni. Kisha Nukta akapanua, na mgeni akasogea karibu zaidi. Meno ya mbele yalikuwa makubwa, mapya, yenye kingo za msumeno kama meno yaliyoota karibuni. Nyuma, magego manne yalikuwa yameshakaa mahali pake, yametulia, yameanza hata kulika.

“Una miaka mingapi, mwanangu?”

Nukta alimtazama mama yake, kisha mgeni, kisha akauliza kwa uaminifu wote:

“Ya nyumbani au ya nje?”

Bibi aliangua kicheko, akaziba mdomo. Mama alisimama palepale na kijiko mkononi, na damu ikampanda usoni. Mgeni hakucheka. Alikaa chini kwenye ngazi, karibu na mtoto, kama vile swali lile lilikuwa la kawaida katika kazi yake.

“Ya nyumbani,” alisema.

“Minane.”

“Na ya nje?”

“Sita. Lakini ya nje haikui. Mwaka huu wote sita.”

*

Huo ndio ulikuwa uongo wa nyumba ile, na ulikuwa umeanza kwa neno moja. Mwaka jana, mwalimu mkuu alipomwona mtoto wa miaka saba ambaye mkono haufiki, alimwambia mama mbele ya mstari mzima wa wazazi kwamba huyo ampeleke kwenye shule ya wenye kasoro, hapa si mahali pake. Mama alirudi nyumbani kichwa amekiinamisha kama aliyepigwa kofi sokoni. Walipohamia mtaa huu mpya, karibu zaidi na shule ile ile, mwanamke wa chumba cha pili, ambaye ua mzima ulimwita Redio kwa sababu hazimwi, aliwatazama watoto na kusema, “Mapacha hao, eti?” Mama akajibu ndiyo. Lilikuwa neno jepesi. Mapacha, mmoja huwa mkubwa na mmoja mdogo, nani asiyejua? Hakuna atakayeuliza zaidi. Na mwaka huu, alipokwenda kuandikisha, aliwapeleka wote wawili kama mapacha wa miaka sita. Wazazi wengine huongeza umri wa watoto. Yeye aliukata wa kwake ulingane na mwili.

“Usinisemee kwa watu, dada,” alisema sasa. Alikuwa ameshika kile kijiko kwa mikono miwili. “Nakuomba. Watasema nini? Watasema nilimzaa na nini?”

“Kwetu hatuna wafupi,” alisema bibi kutoka kwenye sufuria, taratibu. “Nasema tu. Baba yake anagonga vichwa vya milango.”

“Unaona?” Mama alimgeukia mgeni. “Kila siku ni hivyo. Kwao hawana wafupi. Basi huyu nimemtoa wapi? Na huyu mrefu nimemtoa wapi? Baba mmoja, tumbo moja!”

Mgeni alifikiri kidogo kabla ya kujibu. Alikuwa kijana, na vitabu alivyosoma vilikuwa bado vikubwa kuliko yeye. Lakini alikuwa amekaa kwenye ngazi nyingi mwezi ule, na alikuwa amejifunza kuuliza kwanza.

“Huyu mkubwa, mlikuwa mnaishi wapi alipokuwa mchanga?”

Walikuwa wanaishi nyuma ya reli. Mumewe alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha magunia, kikafungwa mtoto akiwa bado hajatambaa. Maji waliteka kwenye kisima kilichokuwa chini ya vyoo vya jirani; mvua ikinyesha maji yanabadilika rangi. Nukta alihara, akapona, akahara tena. Alipokaribia kutembea, mama akashika mimba ya Mlingoti, akamwachisha ziwa, akampa uji wa maji matupu kwa sababu hakukuwa na kingine. Mlingoti alipozaliwa, baba alikuwa ameshapata kona yake ya kuziba pancha, na walikuwa wamehamia kwenye chumba chenye bomba nje ya mlango.

“Basi,” alisema mgeni. “Tumbo moja, miaka miwili tofauti.”

“Sijaelewa.”

“Mwili wa mtoto hujengwa na kile kinachobaki, mama. Akila kidogo na akaharisha, hicho kidogo kinakwenda kupigana na ugonjwa. Hakibaki cha kujengea miguu. Miguu inaambiwa subiri. Inasubiri mwezi, inasubiri mwaka. Meno ni mabishi, hayasubiri sana, yana kalenda yao. Ndiyo maana mkono wake unasema sita na kinywa chake kinasema minane. Mimi kinywa ndicho ninachokiamini.”

“Na kichwa chake? Akili?”

“Ulishamsikia akiongea?”

“Anaongea kuliko Redio,” alisema bibi.

“Kwa hiyo ni mimi,” mama alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. “Ule uji. Nilimwachisha mapema. Ni mimi niliyemfupisha.”

“Ulikuwa na kisima kingine?”

“Hapana.”

“Ulikuwa na uji mzito ukauficha?”

“Uuficheje?”

“Basi si wewe. Nimepima watoto wa nyuma ya reli. Nimepima wengi. Wote waliozaliwa mwaka ule kiwanda kilipofungwa ni wafupi kuliko wadogo zao. Mama zao wako tofauti, baba zao wako tofauti. Kisima kimoja.”

Maji ya mayai yalitokota. Mama alikaa chini pale pale alipokuwa, juu ya sakafu, na akaanza kulia bila sauti, kwa namna ya mtu anayetua mzigo ambao alishasahau kuwa anaubeba. Nukta alimwendea, akamfuta kwa ncha ya kanga yake mwenyewe.

Bibi alikoroga sufuria lisilohitaji kukorogwa. Baada ya muda alisema, bila kumtazama mtu, “Mahindi ya mwaka wa ukame nayo hayagusi paa. Mbegu ni ile ile.” Na kwa miaka yote aliyoishi na mkwe wake, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwomba radhi.

Mgeni alipokuwa akikunja ubao wake, alisema kesho asubuhi atakuwa shuleni, mwalimu mkuu amemruhusu kupima wanafunzi. “Njoo naye. Nitamweleza kuhusu meno. Lakini umri wake lazima uuseme wewe. Mimi si mama yake.”

*

Baba alirudi jua likiwa bado juu ya mabati, vidole vyeusi kwa mpira. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama, kwa sababu chumba kilikuwa na kiti kimoja na bibi alikuwa amekikalia.

“Wakijua tumewadanganya,” alisema mwishoni, “watamfuta na Mlingoti.”

“Mlingoti ana sita kweli.”

“Nani atakuamini? Ulisema mapacha. Mmoja akiwa uongo, na mwenzake ni uongo. Tumepata nafasi moja, mke wangu. Tuishike. Huyu mwingine mwakani.”

“Mwakani atakuwa na tisa.”

“Atakuwa na saba,” alisema baba, kisha akasikia alichokisema.

Nukta alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. “Mimi nikizeeka,” alisema, “nitakuwa na sita, na Mlingoti atakuwa na mvi, na atanipeleka hospitali amenibeba mgongoni.”

Baba alicheka bila kutaka. Kisha kicheko kikamwishia njiani, akamtazama binti yake kwa muda mrefu, jinsi miguu yake ilivyoning’inia kwenye ndoo bila kugusa sakafu.

“Mficha uchi hazai,” alisema bibi.

“Mama, tumeshazaa tayari.”

“Basi muwalee.”

Baba alinawa mikono. Rangi nyeusi haikutoka, haikutoka kamwe, lakini aliendelea kunawa. “Nenda kaseme,” alimwambia mkewe hatimaye. “Ukifukuzwa, njoo kwenye pancha. Tutatafuta shule nyingine. Hata ya mbali.”

*

Mstari wa wazazi waliochelewa kuandikisha ulikuwa mrefu, na mbele kidogo tu ya mama alisimama Redio mwenyewe, amemshika mkono mjukuu wake, kitoto chenye mashavu manene kilichokuwa kikinyonya kidole.

“Jirani! Pacha wa pili umemleta tena?” alisema Redio kwa sauti ya kufika ofisini. “Si walisema mwakani?”

“Nimemleta.”

“Mkono umeota usiku?”

Watu walicheka. Mama alihisi masikio yake yakipata moto. Alimshika Nukta bega na kutazama mbele.

Mwalimu mkuu alikuwa mlangoni na miwani iliyofungwa kwa uzi, uso wa mtu ambaye hajalala vizuri tangu muhula uanze. Pembeni yake, kwenye kivuli cha ukuta, mgeni wa jana alikuwa ameshasimamisha ubao. Alimwona mama, akainamisha kichwa kidogo tu, asimwaibishe.

Zamu ya Redio ilipofika, mjukuu alipitisha mkono juu ya kichwa, na vidole vikaishia kwenye utosi.

“Ana sita, mwalimu,” alisema Redio. “Ni mkono tu umechelewa.”

“Mama, huyu ananyonya kidole.”

“Ni mawazo. Anawaza sana.”

“Mpeleke nyumbani. Nina watoto wanne kwenye benchi la watatu, na ninyi mnaniletea wachanga niwalelee mchana.” Mwalimu alifuta miwani. “Anayefuata.”

Aliyefuata alikuwa mama. Mwalimu alimtambua Nukta kwa kipara.

“Wewe tena. Nilisema mwakani.”

Mama alisogea hatua moja mbele. Nyuma yake mstari ulikuwa unasogea, watu wakinong’ona, na Redio, ambaye alipaswa kuondoka, alikuwa amesimama palepale akijifanya kumfunga mjukuu viatu ambavyo havikuwa na kamba. Mama alifikiria Mlingoti, ambaye jina lake lilikuwa limeshaandikwa. Alifikiria baba akinawa mikono. Kisha aliusikia mkono mdogo ukijipenyeza ndani ya wake. Haukuvuta, haukuomba. Ulikaa tu.

“Mwalimu, nilisema uongo,” alisema mama. “Hawa si mapacha. Huyu ana miaka minane.”

Mnong’ono ulikatika kama bomba lililofungwa.

“Minane?”

“Minane. Mwaka jana nilikuja naye akiwa na saba, ukaniambia nimpeleke kwa wenye kasoro. Nikaona aibu. Mwaka huu nikasema sita. Mdogo wake ni sita kweli, mwalimu, huyo usimguse. Uongo ni wangu, wao hawahusiki.”

Mwalimu mkuu alivua miwani. “Miaka ishirini nimesimama mlango huu,” alisema taratibu. “Kila mzazi ananiongezea. Wa minne anaitwa sita, wa mitano anaitwa saba. Wewe ndiye wa kwanza kunipunguzia.” Alimgeukia mgeni. “Hili linawezekana?”

“Muombe afungue kinywa, mwalimu.”

Nukta hakusubiri kuombwa. Alipanua kinywa kama mamba. Mgeni alikaribia, akamwonyesha mwalimu yale magego ya nyuma na meno ya mbele yenye kingo za msumeno, akamweleza kwa maneno machache kile alichokieleza uani jana: njaa na maradhi huchelewesha mifupa, na mkono ni mifupa; meno hayacheleweshwi kwa urahisi. Kisha mwalimu mkuu, mtu aliyependa kuhakikisha, alimwita yule mjukuu wa Redio.

“Na wewe, mwanafalsafa. Toa kidole, fungua.”

Kitoto kilifungua. Vilikuwa vijimeno vyeupe vidogo, vyote vimejipanga, havijapungua hata kimoja.

“Sita?” mwalimu alimwuliza Redio.

“Kwetu meno huchelewa,” alisema Redio, na mstari mzima ukaangua kicheko, na yeye mwenyewe, akishindwa kujizuia, akacheka nao. Kisha hakukubali kuondoka mikono mitupu. “Lakini jirani! Mapacha wa kuzaliwa kwa awamu! Mmoja leo, mwingine baada ya miaka miwili! Tumbo lako lina msururu?”

Mama alitarajia kuumia. Badala yake, kitu kifuani mwake kilichokuwa kimekazwa kwa mwaka mzima kilifunguka, akacheka mpaka machozi yakamtoka. “Lina msururu,” alisema. “Na we usiruke foleni.”

Mwalimu mkuu alikuwa bado anamtazama Nukta. Alionekana kuwa na jambo analotaka kusema na halisemeki. Mwishowe alimwambia msaidizi wake, “Mwandike. Minane. Darasa la kwanza pamoja na mdogo wake, aanze mwanzo kama wengine. Akikimbia na masomo, tutamrukisha darasa.” Na kwa Nukta: “Utakaa mbele. Si kwa sababu ya ufupi. Nyuma hakuna nafasi.”

“Sawa, mwalimu.”

Mlingoti, aliyekuwa akichungulia tangu mwanzo kupitia dirisha la darasa, aliwaambia watoto wa benchi lake, “Yule ni dada yangu. Mkubwa.” Wakambishia wote. Akalirudia kwa sauti zaidi, kwa fahari ya mtu aliyeruhusiwa kusema kweli.

Walipofika kwenye geti, Nukta alimsimamisha mama yake.

“Mama. Nitarefuka?”

Mama alimtafuta mgeni kwa macho. Mgeni alikuwa mbali, amezungukwa na watoto. Akaona swali ni lake.

“Dada amesema bado unakua. Kidogo kidogo. Ukila vizuri.”

“Vizuri ni nini?”

Kila siku mama alitoka nyumbani na ndoo ya mayai, na watoto wake waliyajua kwa harufu. Mayai ni ya biashara. Jioni alirudi na ndoo tupu, na kila mara alisema leo yameisha, na ilikuwa kweli, kwa sababu lolote lililobaki aliliuza njiani kwa bei yoyote.

“Yai,” alisema. “Kila siku ya shule, kengele ya mapumziko ikilia, nitakuja kwenye uzio huu na mayai mawili. Lako na la Mlingoti. Ya moto.”

“Na wateja?”

“Nimesema nitakuja.”

“Sawa,” alisema Nukta, kwa uso wa mtu aliyezoea kuambiwa mambo, na akakimbilia darasani.

*

Geti la kiwanda cha sabuni, mahali mama alipouzia mayai yake, lilikuwa nyuma ya shule, na mapumziko ya wafanyakazi na ya wanafunzi yaliangukia saa ile ile, king’ora huku na kengele kule. Mama hakuwa amelifikiria hilo wakati wa kuahidi. Alilifikiria sasa, Jumatatu, watu walipomiminika getini wenye njaa, mikono ikinyooshwa, chumvi ikinyunyizwa kwenye karatasi. Hii ndiyo dakika iliyomlipia siku nzima. Upande wa pili wa barabara, mwanamke mwingine mwenye ndoo kama yake alikuwa akimenya kwa kasi.

Ndoo ya mama ilikuwa imekaribia kumalizika alipotokea msimamizi wa zamu, yule ambaye kwa hisani yake aliruhusiwa kukaa kivulini ndani ya geti badala ya juani.

“Mayai yote yaliyobaki,” alisema. “Nina wageni ofisini. Na hayo mawili ya kwenye kitambaa pia.”

“Haya chukua, bosi. Ila hayo mawili yana wenyewe.”

“Wamelipa?”

“Hawajalipa.”

“Watalipa zaidi yangu?”

“Hawatalipa kabisa.”

Msimamizi alimtazama kama mtu aliyetaniwa mbele ya watu. “Basi baki na yote,” alisema. Alivuka barabara, na alipokuwa akirudi amebeba mfuko wa yule mwanamke mwingine, alipita mbele ya mama na kusema kwamba kesho kile kivuli kitahitajika kwa pikipiki.

Mama alisimama kidogo na ndoo yake, mayai yaliyosalia yakipoa. Wateja walikuwa bado wanakuja. Mmoja alimwita, mwingine akapiga mluzi. Kengele ya shule ililia. Aliifunika ndoo, akajitwika kichwani, akakishika kile kitambaa mkononi, na kuanza kutembea haraka kwenye njia ya nyuma ya ukuta, huku mluzi ukimfuata.

Kwenye uzio watoto walikuwa wengi, wakikimbizana na vumbi. Nukta hakuwa anakimbia. Alikuwa amesimama peke yake karibu na nguzo, mikono nyuma, akitazama upande mwingine, ili asije akaonekana kwamba anasubiri. Alipomwona mama yake, alifumba kinywa kilichokuwa kimeanza kucheka, akamwita Mlingoti kwa sauti ya ukubwa.

Mama alipitisha mayai katikati ya waya, moja moja.

“Ni ya moto,” alisema Nukta, akilihamisha kutoka kiganja hiki kwenda kile.

“Nilisema ya moto. Kula.”

“Lote? Na kiini?”

“Na kiini. Nakusubiri umalize.”